Mimba Iliyoonekana Shingoni

Mama mkwe wangu aliiona mimba yangu shingoni. Hakunigusa tumbo, hakuniuliza tarehe, hakuniuliza lolote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwetu, mtaa wa Musinzira, anachambua maharage. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, ninamnyonyesha binti yangu wa miezi minane. Akainua macho, akanitazama pale chini ya koo ambapo mshipa hupigapiga, kisha akayarudisha macho kwenye ungo. Akachambua kama viganja viwili hivi. Halafu akasema, "Mtoe mtoto ziwani, mukazana wangu. Humo ndani kuna mwingine."

Mukazana ni mke wa mwana. Ndivyo anavyoniita mpaka leo, na mimi ninamwita mama, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Ninaandika haya binti yangu akiwa ameshapita mwaka mmoja, anakimbia, anaiba sukari. Watu wananiambia yaliyopita si ndwele. Najua, na najua pia inavyoendelea, tugange yajayo. Lakini yangu mimi yaliyopita bado ni ndwele, na sitaki mtu anipangie siku ya kupona.

Nilizaliwa Tanzania, kambini, wazazi wangu wakiwa wamekimbia. Nilirudi Burundi nikiwa msichana mkubwa, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki, na Kirundi changu huwachekesha wauza mboga. Ninauza vitambaa katika duka la familia moja ya Kiislamu yenye asili ya Kihindi, hapa mjini Gitega. Mume wangu ni fundi umeme wa majumbani. Mama yake anaishi kwenye kilima kimoja nje kidogo ya mji wa Muyinga. Ana migomba, ana shamba la maharage, ana ng'ombe mmoja. Mara mbili kwa mwaka alikuwa anakuja kwetu na mikungu ya ndizi, anakaa wiki, anapanga vyombo vyangu upya, anaondoka.

Kabla ya siku ile ya shingo, mwanangu nilikuwa nimemlisha vizuri. Hili nalisema kwa majivuno na silifichi. Kituo cha afya waliniambia miezi sita ziwa tupu, bila maji, bila kitu kingine, nami nikalishika neno hilo kama amri. Nilipigana na kila mgeni aliyeingia. Mmoja alitaka mtoto apewe maji ya sukari kwa ajili ya tumbo. Mwingine alisema mtoto ana kiu, kwani sisi watu wazima hatusikii kiu? Mama mkwe mwenyewe alitaka kumlambisha matone ya maziwa ya ng'ombe ili "amjue ng'ombe". Nilikataa. Alicheka, akasema wasichana wa siku hizi wamesoma mpaka matiti yao yamesoma.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nikarudi dukani. Mchana nilikuwa natoka mbio kwenda nyumbani kunyonyesha, nguo imelowa kifuani, huku wenye maduka wananipigia miluzi. Nilinyonyesha nimesimama, nikala ndizi mbili, nikarudi kupima vitenge. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa anakaa na mtoto. Mtoto alipofika miezi sita nikaanza uji. Unga niliuchanganya mwenyewe, mtama, mahindi na soya iliyokaangwa. Ndagala nilizikausha tena juani, nikazitwanga mpaka zikawa vumbi, kijiko kimoja kwenye uji na hakuna aliyejua kuna samaki humo. Maharage nilikuwa namenya ganda moja moja baada ya kuyachemsha, kisha naponda na majani ya lengalenga na tone la mawese. Mtoto akawa na mikunjo mapajani, mitatu kila upande. Kwenye kupimwa uzito, muganga wa kituo cha afya alimwinua juu kuwaonyesha akina mama wengine. Nilijifanya sioni.

Huyo ndiye mtoto niliyeambiwa nimtoe ziwani.

Sasa nieleze kwa nini nilikubali, maana hapo ndipo hasira yangu inaponigeukia mimi mwenyewe. Kwetu inajulikana kwamba maziwa ya mwanamke mwenye mimba ni ya yule aliye tumboni. Aliye nje akiyanyonya, anaharisha, tumbo linavimba, anakauka, anakufa. Niliyasikia haya tangu kambini, nikiwa na umri wa kuteka maji. Niliyaamini. Sitajifanya leo kwamba nilikuwa mwerevu kuliko wenzangu. Na dalili zilikuwepo: wiki nzima nilikuwa nasikia kichefuchefu, tumbo linasokota, nimechoka mpaka nalala nimekaa. Hedhi ilikuwa haijarudi tangu nijifungue, kwa hiyo sikuwa na tarehe ya kutegemea.

Farmasi iko mlango wa tatu kutoka duka ninalofanya kazi. Kipimo cha mimba ni bei ya soda mbili. Unakojoa, unasubiri, unasoma. Jambo la dakika chache. Mimi sikupima.

Sikupima kwa sababu ya adabu. Kwenda kupima ni kumwambia mama mkwe kwamba macho yake yamedanganya, na mke wa mwana hamwambii mama mkwe hivyo. Angejua tu, mji huu hauna siri, na mume wangu hana siri kwa mama yake. Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tulivyofundishwa. Tena wanatuongezea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi mimi la mkuu nililisikia, nililisikia vizuri sana, na guu likavunjika vilevile, isipokuwa halikuwa langu. Lilikuwa la mtoto.

Mume wangu aliporudi jioni nilimwambia taratibu, nikitumaini atasema ngoja kwanza. Hata begi lake la vyombo hakuliweka chini.

"Kama mama ameona, basi iko," alisema. "Ile ya dada zangu wote aliona hivyo hivyo, kwa shingo tu. Haijakosea hata moja."

"Na kama amekosea?"

"We unataka tujaribu na mtoto?"

Mtu akikuuliza swali la namna hiyo, unamjibu nini? Leo ninayo majibu kumi, yote makali, na hayana kazi tena.

Mama mkwe alikata jani la mshubiri kwenye uzio wa jirani. Alilipasua, akanipaka yeye mwenyewe, ziwa moja kisha la pili, kwa vidole vilivyozoea. Utomvu ule ni mchungu hata harufu yake ni chungu. Kisha akaniambia nimpe mtoto ziwa ili akatae mwenyewe, asije akasema amenyimwa. Nilimpa. Alivuta mara moja, akaachia, akakunja uso. Alinitazama. Halafu akajisogeza, kwa mikono yake yote miwili, akajaribu upande wa pili.

Hapo ndipo nilipopaswa kuinuka nikanawe. Sikuinuka.

Asubuhi mama mkwe alimfunga mgongoni kwa kitenge changu, wakaondoka kwenda Muyinga. Mtoto akiwa mbali na harufu ya mama anasahau upesi, alisema, na kule kuna maziwa ya ng'ombe, kuna hewa, kuna wenzake. Mume wangu aliwasindikiza mpaka kwenye magari. Mimi nilikwenda dukani, nikauza.

Siku zile matiti yaliniuma kuliko kujifungua. Yalikuwa magumu, ya moto, nashindwa kuinua mkono kushusha jora kutoka rafu ya juu. Mtoto wa mteja yeyote akilia, maziwa yalikuwa yanatiririka yenyewe hadi kiunoni. Nilikuwa ninakamua chooni, ninamwaga, ninarudi kwenye kaunta. Mama mwenye duka, mke wa bosi, alinivumilia siku kama kumi na mbili. Kisha siku moja alinivuta nyuma ya mapazia na kunipa khanga mbili nijifunge kifuani.

"Mtoto wako iko wapi?" aliniuliza.

Nikamweleza yote. Alisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Na ulipima?"

Nilisema mama mkwe ameona.

"Mi sikuuliza yeye aliona nini. Nauliza we ulipima?"

Nilichukia. Kweli kabisa, nilimchukia pale pale. Niliona ananidharau, anaidharau familia yangu, anajifanya anajua mila za watu. Nilikaa na chuki hiyo mpaka saa tisa, halafu nikaenda mlango wa tatu, nikanunua kipimo.

Mstari mmoja.

Nilimwonyesha mume wangu. Akasema hivyo vitu vinadanganya, vinatoka nje, vinakaa juani. Nikanunua cha pili. Mstari mmoja. Akasema labda mimba ilikuwepo na imetoka yenyewe, hutokea. Hapo nilielewa kwamba mume wangu alikuwa tayari niwe nimeharibu mimba kuliko mama yake awe amekosea mara moja. Nilikwenda kituo cha afya peke yangu. Walipima mkojo, walipima choo. Ilikuwa amiba. Kichefuchefu, kusokotwa, uchovu, yote yale yalikuwa amiba kutoka kwenye maji, na nilipewa vidonge.

Kwa ajili ya vijidudu vya maji machafu, nilimtia mwanangu shubiri mdomoni.

Nilitaka kwenda Muyinga siku ile ile. Hakukuwa na mafuta. Magari yalikuwa yamepanga foleni kwenye vituo tangu juzi yake, madereva wamelala chini ya miti, na ambao walikuwa na mafuta walikuwa hawaendi Muyinga. Nikapiga simu. "Mtoto iko sawa," mama mkwe alisema, "anacheza na wenzake, hata hakutaji." Nikamwuliza anakula nini. "Anakula chakula," alisema, kama vile nimemtukana. Nilipopata gari hatimaye, kupitia Karuzi, zilikuwa zimepita siku kumi na tisa tangu aondoke.

Nilifika mchana. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, wajukuu wanne, watatu wakubwa wa shemeji yangu na wangu mdogo. Nilimwita. Aligeuza kichwa, akanitazama, akarudi kuangalia mguu wake. Hakulia, hakunyoosha mikono. Nilimwinua na mwili wangu ulijua kabla yangu: alikuwa mwepesi. Mikunjo ya mapaja ilikuwa imekwisha, ngozi imebaki inaning'inia kama nguo ya kurithi. Shingo imekuwa nyembamba. Alikuwa na harufu ya moshi.

"Anaharisha kidogo," mama mkwe alisema. "Ni yale maziwa yako ya mwisho. Yalikuwa yameshaingia."

Nilikaa nikatazama namna wanavyokula. Kwanza aliwaletea maziwa. Ng'ombe alikuwa anatoa kidogo sana, kwa hiyo aliongeza maji, si kwa ubahili, ni ili yatoshe. Kikombe kilikwenda kwa mkubwa kwanza, akanywa, kikaja kwa wa pili, kwa wa tatu, na wangu akapata kilichobaki chini. Kisha likaja sinia la ugali wa muhogo na maharage, mikono minne, na mkono mmoja kati ya hiyo ulikuwa bado haujui kushika tonge. Wale watatu hawakuwa wabaya. Walikuwa wanakula kama watoto wanavyokula, haraka. Wangu alikuwa analamba vidole vyake, ambavyo havikuwa na kitu.

Nilimwuliza mama mkwe, kwa sauti niliyoibana, kwa nini mtoto wa miezi minane hapewi chake pembeni.

Alinishangaa. "Ale peke yake, wenzake wanamtazama? Unataka nimlee awe mchoyo?"

Na alikuwa anasema kweli. Katika nyumba ile hakuna mtoto anayekula mwingine akimwangalia. Mgeni akipita njiani anaitwa. Ni nyumba nzuri, kila mtu Muyinga atakwambia. Nilikaa pale na nikauchukia wema wake wote. Adabu ilimtoa mwanangu ziwani, na ukarimu ukamaliza kazi iliyobaki. Kama wangekuwa watu wabaya ningejua pa kuanzia.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka mtoto kituo cha afya. Mama mkwe alisema anakuja pia, akavaa nguo ya kanisani. Muganga alikuwa mwanamke wa makamo, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizungusha ule utepe wa rangi wa kupima utapiamlo kwenye mkono wa mtoto. Ulisimama kwenye manjano, mwisho kabisa, nyekundu inapoanza. Akauzungusha tena. Akampima uzito. Alikuwa amepungua zaidi ya kilo moja.

"Donc, mama," alisema, akichanganya na Kifaransa, "kunyonyesha ulisimamisha sababu gani?"

Nilimweleza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi karibu yangu, mkoba kwenye magoti. Muganga hakumwangalia hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Bon. Mimba haikuwa. Lakini sikiliza vizuri, sababu utapata mingine siku moja. Hata kama mimba ilikuwa kweli, unaendelea tu kunyonyesha. Maziwa haigeuke sumu. Haijawahi. Kitu inaua hawa watoto ni kutoa ziwa mbio mbio, na nyumbani hakuna kitu ya kuweka pa nafasi yake. Mi naona hiyo hapa kila wiki."

Maziwa yangu yalikuwa yamekauka tangu nijifunge zile khanga, kwa hiyo akanifundisha namna ya kuyarudisha. Mtoto awekwe ziwani kila mara, hata kama hakuna kitu, maana kunyonya ndiko kunakoyaita. Lakini mtoto hanyonyi ziwa tupu, anakasirika. Kwa hiyo mtu wa pili anashika kikombe cha maziwa, na kwa kijiko anadondosha juu ya ziwa, taratibu, yatiririke mpaka kwenye chuchu wakati mtoto anavuta. Mtoto anadhani ni ya mama. Mara nane, mara kumi kwa siku. "Peke yako hutaweza," alisema. "Mikono inakosekana. Tafuta mtu ana uvumilivu."

Tulirudi kwa miguu. Mama mkwe alitembea mbele yangu, haraka. Tulipofika akavua nguo ya kanisani, akaikunja, akachukua jembe. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nilimwambia aweke jembe chini.

Sikuwahi kumpandishia sauti mtu aliyenizidi umri, na sikujua kwamba sauti yangu inaweza kufika pale. Nilimwambia amemtoa mtoto wangu ziwani kwa sababu ya mshipa. Nilimwambia ameninyang'anya mtoto mwenye afya, akanirudishia mifupa. Jirani mmoja alisimama njiani na ndoo yake kichwani. Nilimwacha asikie.

"Na ng'ombe wako?" nilimwambia. "Ng'ombe wako ana mimba. Tumbo hilo hapo, kila mtu analiona, halihitaji shingo. Na bado unamkamua, unampa mwanangu anywe! Maziwa ya ng'ombe mwenye mimba yanalea, yangu mimi yanaua?"

"Ng'ombe si mtu," alisema.

"Umemsikia muganga. Hayaui. Hata ningekuwa na mimba ya mapacha, hayaui."

Alikuwa bado ameshika jembe. Aliliegemeza ukutani, polepole, akahakikisha halianguki. Kisha akakaa kizingitini.

"Nilikuwa na mvulana," alisema. "Kambini, Tanzania, kabla ya mume wako. Alikuwa wa miezi tisa, anasimama kwa kushika turubai. Nikapata mimba. Mama mkwe wangu akaniambia nimtoe ziwani, nikamtoa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hakumaliza miezi miwili. Waliniambia nilichelewa. Kwamba maziwa mabaya yalikuwa yameshaingia, kwamba ningekuwa na macho ningejua mapema." Akapitisha kiganja kwenye goti. "Ndiyo maana mimi ninatazama shingo. Ninatazama mapema."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari za mtoto huyo. Hata mume wangu hakuwahi kumtaja.

"Sasa muganga anasema hayaui," alisema. "Basi wangu alikufa na nini?"

Ningeweza kusema ni malaria. Ningeweza kusema Mungu alimpenda. Kambini watoto walikufa kwa mambo mengi, ningechagua lolote, naye angelipokea. Lakini mgongoni nilikuwa na mtoto mwepesi, na nilikuwa na hasira.

"Njaa," nilimwambia. "Alikufa kwa njaa, mama."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha aliinuka, akachukua jembe, akaenda shambani, na hakurudi mpaka jua lilipokuwa linazama.

Jioni mume wangu alipiga simu. Alikuwa amesikia tayari. Yule jirani wa ndoo alikuwa na simu. "Umemwambia mama nini?" aliuliza. Nikamwambia njoo umuulize mwenyewe. Akasema hakuna petroli. Nikamwambia basi kaa huko, na nikakata, mara ya kwanza tangu anioe.

Mtu mwenye uvumilivu, muganga alisema. Kule kilimani sikuwa na mtu mwingine. Shemeji yangu alikuwa shambani tangu alfajiri, na watoto ni watoto. Asubuhi nilikaa kwenye mkeka ndani, mtoto mapajani, kikombe mkono mmoja, kijiko mkono mwingine, nikajaribu peke yangu. Maziwa yakamwagika shingoni kwake. Alinigeuzia uso, akaliona ziwa, akaanza kupiga kelele na kulisukuma kwa viganja. Alikuwa bado anakumbuka shubiri. Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama. Halafu akaja, akapiga magoti, akanichukulia kikombe na kijiko bila kuomba.

Siku ya kwanza mtoto alikataa mara zote. Siku ya pili alilamba. Yeye alikuwa anadondosha tone baada ya tone, mkono hautetemeki, magoti yake yakilia kila anapoinuka, na mimi nilikuwa natazama ukuta. Nilichukia kwamba vidole hivyo hivyo vilivyonipaka ule uchungu ndivyo vilivyokuwa vinafaa kwa kazi hii. Nilichukia kumhitaji. Wale wajukuu watatu walikuja kuchungulia na kikombe chao, kama walivyozoea. Aliwafukuza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimsikia akimwambia mtoto, "Hiki si chako." Pembeni alikuwa pia anapika uji nilivyomwonyesha, na ndagala za kutwanga, na mwanangu alikuwa anakula peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa.

Siku ya tatu alivuta. Siku ya nne na ya tano alivuta kwa nguvu, mpaka kunitoa damu, na kilichoshuka kilikuwa cha ng'ombe tu.

Siku ya sita ilikuwa asubuhi, baada ya uji. Mama mkwe alikuwa anadondosha kama kawaida. Kikasikika kijiko kinagonga chini ya kikombe. Kikombe kilikuwa kimekwisha. Mimi nilikuwa nasubiri kilio, maana hapo ndipo alipokuwa analia.

"Bado anameza," mama mkwe alisema.

Nilishusha macho. Koo dogo lilikuwa linapanda na kushuka. Upande wa pili, kwenye ziwa ambalo hakuna aliyeligusa, kulikuwa na tone jeupe limesimama, kisha likashuka.

Mama mkwe alikaa kitako pale pale sakafuni, kikombe mikononi. Alipoanza kusema hakuwa ananitazama mimi.

"Mimi nilikuwa nayo mengi kuliko hayo. Yalikuwa yanauma. Nilikuwa ninakwenda nyuma ya hema, ninayakamua chini, halafu ninayafukia kwa mguu ili mtu asiyakanyage. Yeye alikuwa ndani, analia. Nilikuwa ninamsikia."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo yote, sikuona hata chembe iliyopungua. Lakini nilijua pia neno ambalo alikuwa analingoja. Lilikuwa neno fupi: hukujua, mama. Nililifikisha mpaka mdomoni. Nikamgeuza mtoto, nikampa ziwa la pili, na lile neno nikalimeza. Mpaka leo sijamwambia.